Nyumba ya kuhimili upepo mkali Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayasikia saiti, kwenye maduka ya vifaa na kwenye simu, hasa wiki ile upepo unapokuwa umepita na watu wanaokota mabati shambani. Nimeyapanga kuanzia ya msingi. Kama fundi wako yuko juu ya ukuta sasa hivi anapaua, ruka yote uende swali la 8.

## Upepo wenyewe

1. Vimbunga kama vya Marekani vinaweza kufika Arusha au Moshi?

Hapana. Kimbunga cha baharini kinahitaji maji ya joto chini yake, na kinahitaji mzunguko wa dunia ukizungushe. Karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi kila upande, nguvu hiyo ya kukizungusha ni hafifu mno, kwa hiyo ni nadra sana kimbunga kuzaliwa huko. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Tena kutoka Moshi hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 250 za nchi kavu, na kimbunga kikishapanda nchi kavu hukosa maji ya joto na kudhoofika.

Hiyo haina maana kwamba Tanzania nzima iko salama. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar na kuangusha mashamba ya mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Mei 2024 Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Mwenye kujenga huko asome pia swali la 18.

2. Basi ni upepo gani unaobeba mapaa yetu?

Mara nyingi ni upepo wa mvua ya radi. Ndani ya wingu kubwa hewa hupoa, inakuwa nzito, inadondoka pamoja na mvua. Ikigonga ardhi haina pa kwenda ila kusambaa pembeni kwa kasi. Ndiyo ile hali unayoijua: joto limebana tangu asubuhi, wingu jeusi limekaa, ghafla hewa ya baridi yenye harufu ya udongo, vumbi linatimka, milango inajibamiza, na kabla tone la kwanza halijatulia bati la jirani liko barabarani. Ni dakika chache tu, lakini paa halihitaji zaidi ya pigo moja.

Wanaoumia zaidi ni waliojenga uwandani: upande wa Kisongo, njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, Boma Ng'ombe, tambarare za kuelekea Himo. Huko hakuna migomba wala miti ya kuvunja upepo kama kwenye vihamba vya juu. Chamchela wa kiangazi ni kitu kingine. Hunyanyua bati la banda la kuku lililowekwa bila msumari, mara chache sana hugusa paa lililofungwa.

3. Kwa nini upepo unang'oa paa badala ya kulikandamiza?

Upepo ukikutana na nyumba hulazimika kupanda na kuruka juu ya paa. Unaporuka huongeza kasi, na mgandamizo wa hewa juu ya bati hupungua. Chini ya bati, darini, hewa imetulia na mgandamizo wake ni mkubwa zaidi. Hivyo paa linanyonywa kwa juu na kusukumwa kwa chini, yote mawili kwa wakati mmoja. Mnyonyo ni mkali zaidi pembezoni, kwenye kona na karibu na kofia (bati la kileleni mwa paa), ndiyo maana paa huanza kufunuka ukingoni.

Shika hesabu hii moja. Upepo wa kilomita 80 kwa saa una uwezo wa kunyanyua kiasi cha kilo 30 kwa kila mita moja ya mraba ya paa, na kwenye kona huzidi hapo. Bati la geji 30 (geji ni kipimo cha unene, tazama swali la 5) lina uzito usiofika kilo 3 kwa mita hiyo hiyo. Na kasi ikiongezeka mara mbili nguvu haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne: kilomita 160 kwa saa ni kilo 120 hivi. Kwa hiyo kinacholishikilia paa lako si uzito wake. Ni misumari na vifungo.

4. Kama vimbunga havifiki huku, tunajifunza nini kwa wanaovipata?

Tunajifunza mahali nyumba inapoachia. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliipiga Florida kusini, upepo wake ukiwa katika daraja la 5, daraja la juu kabisa, linaloanzia kilomita 252 kwa saa. Wataalamu walipokagua mabaki waliona mambo ambayo fundi yeyote wa Moshi angeyatambua: mbao za paa zilizopigiliwa misumari michache au iliyokosa boriti, kuta za pembetatu za juu zisizoshikwa na kitu, milango mikubwa iliyoingia ndani na kuruhusu upepo upasue paa kwa chini. Florida iliandika upya kanuni zake, na kuanzia 2002 kanuni moja ya ujenzi inatumika jimbo zima.

Msingi wa kanuni hizo ni mnyororo. Bati lishike papi (mbao za kulala zinazopigiliwa bati), papi ishike kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), kenchi ishike ukuta, ukuta ushike msingi. Upepo hutafuta pingili moja tu iliyolegea. Wengi huuliza mbona Wamarekani wanajenga kwa mbao na sisi kwa tofali. Mbao haina shida, kwa sababu nyumba ya mbao ambayo kila kiungo chake kimefungwa kwa chuma inaweza kusimama pale ambapo ya tofali imevuliwa paa.

## Paa

5. Ninunue bati la geji gani?

Namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32. Kwa nyumba ya kuishi napendekeza 28, na nisingeweka jembamba kuliko 30. Bati jembamba msumari hulichana kirahisi. Dai lenye alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na ukiweza lipime kwa kifaa dukani, kwa sababu geji iliyoandikwa kwa wino na unene wenyewe havilingani kila mara.

Lakini mtu akiniambia fedha yake inatosha bati nene au kufunga kenchi vizuri, namwambia afunge kenchi.

6. Misumari au skrubu?

Skrubu za bati zenye mpira chini ya kichwa ni bora, kwa sababu meno yake hung'ang'ania mbao. Kama ni misumari, chukua ile ya bati iliyosokotwa, siyo laini. Msumari laini kwenye mbao mbichi ni hatari: mbao ikikauka inasinyaa, tundu linapanuka, na baada ya miaka miwili unauchomoa kwa vidole.

Idadi ndiyo inayosahaulika. Katikati ya paa piga mgongo mmoja, ruka mmoja, inatosha. Ukingoni, kwenye kona na chini ya kofia piga kila mgongo. Msumari wa bati la migongo upite kileleni mwa mgongo ili maji yasiingie, na usiupigilie mpaka bati likabonyea.

7. Papi ziachane kiasi gani?

Mimi siachi zaidi ya sentimita 90 katikati ya papi na papi, na ukingoni na karibu na kofia nabana kufika 60. Kila papi ifungwe kwa kila kenchi inayopita juu yake. Msumari mmoja wa kusimama hautoshi. Piga miwili kwa kuilaza, mmoja kila upande, au ongeza kipande cha ukanda wa chuma. Mbao ziwe kavu na zilizotibiwa dawa, maana mchwa wa ukanda huu hula papi ndani kwa ndani na nje usione kitu.

8. Kenchi inafungwaje na ukuta?

Hapa ndipo nyumba nyingi za Arusha na Moshi zinapokosewa, na nitaeleza kwa urefu.

Tuseme kenchi zako zimeachana mita 1.2 na nyumba ina upana wa mita 8. Mguu mmoja wa kenchi unabeba kama mita 5.5 za mraba za paa, ukijumlisha na sehemu inayochomoza nje ya ukuta. Kwa upepo wa kilomita 80 kwa saa, mguu huo unavutwa juu kwa zaidi ya kilo 160. Sasa panda juu uangalie kinachoushikilia: mara nyingi ni misumari miwili ya nchi nne iliyopigwa kwa kulaza kwenye mbao ya juu ya ukuta, na mbao hiyo yenyewe imefungwa kwa waya uliopitishwa chini ya tofali la mwisho.

Mwaka mmoja niliitwa kukagua nyumba huko uwandani iliyokuwa imekaa miezi minne tu tangu kuezekwa. Bati lilikuwa jipya, geji 28, na karibu misumari yote ilikuwa bado imeshika papi. Papi zilikuwa zimeshika kenchi. Paa zima lilikuwa limelala kwenye shamba la mahindi, karibu mzima mzima, na chini ya mbao ya ukutani yalikuwa yananing'inia matofali kwa waya, mengine yakiwa na plasta yake. Fundi alifunga, tena alifunga kwa bidii. Alifunga kwenye tofali la juu, na tofali moja la bloku la nchi sita lina kilo 30 hivi tu. Upepo ulichukua paa pamoja na tofali zake. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Sasa fundi alikosea wapi, na waya uko pale?" Swali lake lilikuwa la haki.

Kifungo lazima kishuke mpaka kwenye linta, ule mkanda wa zege lenye nondo. Kwetu tunamwaga linta juu ya madirisha, kisha tunapandisha kozi (mistari ya tofali) tatu au nne kabla ya kupaua, na kozi hizo hazina nondo. Kwa hiyo kabla zege la linta halijamwagwa, pachika nondo za milimita 8 au kanda za chuma, zikiwa zimepinda ndani na kushika nondo za linta, moja mahali kila kenchi itakapokaa. Zipite katikati ya kozi zile, zitokeze juu, zikumbatie mbao ya ukutani. Kisha kila kenchi ishikwe na mbao hiyo kwa ukanda wa chuma unaopita juu ya mbao ya kenchi na kushuka pande zote mbili, ukiwa na misumari isiyopungua minne kila upande. Nyumba ya kenchi 14 ina miguu 28. Kwa mita moja na nusu kila mguu unahitaji mita 42 za ukanda, na siku moja ya fundi na msaidizi wake.

Kilicho bora zaidi ni kumwaga bimu nyingine ya zege juu kabisa, paa linapokalia. Kwa nyumba ya uwandani, nakusihi uiweke.

9. Fundi anasema amejenga miaka 20 bila hivyo vifungo na nyumba zipo. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima, maana anasema kweli: nyumba nyingi hazijapata pigo bado. Mwambie, "Fundi, nisaidie hili, nitalipia siku yake." Kisha nenda mwenyewe ukaone kabla silingi bodi haijapigwa. Piga picha kila mguu wa kenchi. Dari likishafungwa hutajua tena mpaka siku ya upepo.

Nyumba kubwa, ya ghorofa au ya uwandani, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi achore vifungo hivyo kwenye mchoro, kabla hujapeleka maombi ya kibali cha ujenzi jiji au manispaa. Kikiwa kwenye mchoro hakuna mabishano saiti.

10. Paa la umbo gani linahimili zaidi?

La migongo minne, lenye mwinamo wa nyuzi 30 hivi. Upepo ukija upande wowote unakuta mteremko. Mgongo wa tembo (paa la miteremko miwili) ni rahisi kujenga, ila ule ukuta wa pembetatu kila mwisho unasimama kama tanga la jahazi. Ufungwe na kenchi kwa mbao za mshazari, na ukiweza uwekewe zege juu yake. Paa la kuficha, linalopendwa sana Njiro na Moshi mjini siku hizi, lina mwinamo mdogo na hunyonywa sana. Ukuta unaolizunguka husaidia kiasi ukingoni, lakini ukuta huo nao lazima uwe na nguzo zenye nondo, la sivyo utaangukia bati.

11. Na baraza, na sehemu inayochomoza nje?

Machomozo yasizidi sentimita 60, na fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) izibwe kwa chini ili upepo usiingie darini. Paa la baraza lijenge peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa. Likiondoka, liondoke lenyewe. Nguzo zake zifungwe chini kwenye zege kwa chuma. Nguzo ya mbao iliyosimamishwa tu juu ya sakafu haishiki chochote.

## Ukuta, milango na madirisha

12. Linta lazima izunguke nyumba nzima?

Lazima. Linta ya vipande vipande juu ya madirisha inabeba tofali za juu yake, basi. Inayozunguka, yenye nondo nne zilizopindishwa kwenye kona na ringi zake, inaifunga nyumba kama mkanda. Huku kwetu chini ya Meru na Kilimanjaro inakusaidia pia ardhi ikitikisika.

13. Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, au ya miti na udongo. Nifanyeje?

Ya kuchoma inafuata maelezo yale yale ya swali la 8, isipokuwa usiamini udongo kama chokaa ya kuunganishia kozi za juu; tumia saruji. Ya miti na udongo ina faida watu hawaioni: nguzo zake zimechimbiwa ardhini. Funga kenchi moja kwa moja kwenye nguzo hizo kwa waya mnene uliosokotwa mara mbili au kwa ukanda wa chuma, na mnyororo wako umekamilika kwa gharama ndogo kuliko nyumba zote.

14. Milango na madirisha yana uhusiano gani na paa?

Mkubwa. Mlango wa upande wa upepo ukifunguka, hewa inajaa ndani na kusukuma dari kwenda juu, wakati nje bati linanyonywa. Weka komeo juu na chini, siyo kitasa peke yake. Fremu zifungwe ukutani kwa vyuma. Geti la karakana au la duka liwe na vyuma vya kulikaza kwa ndani.

## Nyumba iliyokwisha kujengwa

15. Naweza kuimarisha paa bila kubomoa?

Unaweza. Ingia darini na tochi. Anza na miguu ya kenchi: ukanda wa chuma upite juu ya mbao, ushuke ukutani kwa ndani na kufungwa kwa bolti ndani ya linta, siyo kwenye tofali. Utachimba plasta kidogo na kuirudishia. Kama fedha ni ndogo, anza na kona nne na kenchi mbili za kila mwisho. Halafu badilisha misumari ya ukingoni kwa skrubu ndefu zaidi, ukitoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani na kuyaziba ya zamani.

16. Mawe, matairi au viroba vya mchanga juu ya bati vinasaidia?

Rudi kwenye hesabu ya swali la 3. Jiwe la kilo 10 halishindani na kilo 30 kwa kila mita. Linachofanya ni kukusanya majani na kutu chini yake, na siku bati likinyanyuka, jiwe linashuka juu ya mtoto. Liondoe.

17. Bati limeng'oka. Nilirudishie lile lile?

Kwanza lisome. Kama matundu yamechanika kama tundu la kifungo lililopasuka na misumari imebaki kwenye papi, bati lilikuwa jembamba au vichwa vya misumari vidogo. Kama misumari imetoka pamoja na bati, mbao ilikuwa mbichi au msumari laini. Kama papi zimekuja na bati, tatizo ni swali la 7. Kama kenchi nazo zimekuja, ni swali la 8. Ukirudishia bila kusoma, unarudishia kosa.

Bati lililokunjika usiliweke tena ukingoni. Litafaa jikoni au bandani.

## Mengineyo

18. Najenga kwa wazazi Mtwara, Lindi au Mafia. Niongeze nini?

Yote ya swali la 8 yawe lazima, pamoja na bimu ya juu. Bati geji 28 na skrubu, siyo misumari, na vyuma vyote vya paa viwe vimepakwa zinki, maana chumvi ya bahari hula haraka ukanda mweusi, usio na zinki. Vifuniko vya mbao vya madirisha viwe tayari ndani. Msimu wa vimbunga kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili, ingawa Hidaya kilikuja Mei. Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa.

19. Paneli za sola, tenki na miti?

Paneli zifungwe kwenye kenchi au papi, si kwenye bati tupu. Tenki tupu juu ya mnara ni jepesi kuliko unavyodhani. Lifunge kwa kamba ya chuma hata likiwa na maji. Mgrevilea na mkaratusi ulio karibu na nyumba upunguze matawi kabla ya masika, na mkavu uukate. Usiufyeke mstari mzima wa miti upande wa upepo, kwani ndio unaoikinga nyumba.

20. Wingu limekuja na paa langu silo imara. Nifanye nini sasa hivi?

Funga milango na madirisha yote. Wapo wanaosema fungua moja ili hewa ipite. Usifanye hivyo, sababu iko swali la 14. Ingiza ndani viti, ndoo na mabati yaliyo nje. Wakusanye watoto na wazee kwenye chumba kidogo cha ndani, mbali na vioo na mbali na ukuta wa pembetatu. Usipande juu kushika bati, hata kama linapiga kelele. Bati linalopeperuka hukata kama panga. Zima umeme kwenye swichi kuu ukisikia paa linaachia. Upepo ukitulia, kabla ya kutoka, angalia kama waya wa umeme umeanguka uani.